Vifaa Kumi na Vitatu Visivyokuwa Vyetu

Mimi ni mtu wa mpangilio, na sioni haya kulisema. Nyumbani kwetu, mtaa wa Jamhuri hapa Nairobi, makopo ya viungo yamebandikwa majina na tarehe, bizari nyembamba mbali na bizari ya manjano, na mume wangu akitaka hiliki huniita kwanza asije akavuruga safu. Hunicheka. Huwaambia wageni kwamba siku nitakayomchoka nitambandika karatasi kifuani na kumhamishia rafu ya chini. Mimi hucheka nao, lakini moyoni najiambia: cheka, bwana, hujawahi hata siku moja kutia chumvi kwenye chai ndani ya nyumba hii.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kupanga rasilimali za miradi katika kampuni moja ya ujenzi kule Upper Hill, nilijiona nimefika. Kampuni ilikuwa na miradi minne kwa wakati mmoja, na kila mradi ulikuwa na fujo yake. Wilbaro za mradi mmoja zilikuwa zikilala kwenye mradi mwingine. Ngazi zilihama na hakuna aliyezihamisha. Ukimuuliza foremani ana karai ngapi, anakutazama kana kwamba umemuuliza umri wa mamake. Meneja wetu, mwanamume mdogo kwangu kwa umri na asiyeweza kumaliza sentensi bila kutaja mfumo, alinipa mkataba wa mwaka mmoja na agizo moja tu.

“Nikifungua laptop nataka nione kila kitu,” alisema. “Watu, mashine, tools, materials. Kila kitu kwa category yake. Hata msumari.”

“Utauona,” nikamwambia.

Nikatengeneza jedwali. Hadi leo nikilikumbuka nakiri lilikuwa jedwali zuri. Watu walikuwa na kundi lao, wa kudumu juu na wa muda chini. Mashine zilikuwa peke yake, vifaa vya mkono peke yake, na vile vinavyotumika vikaisha, saruji na mchanga na misumari, navyo vikawa na kundi lao. Kila kitu kilipewa namba, na kila namba nikaichapisha kwenye kibandiko cheupe. Nikazunguka mradi baada ya mradi na roli la vibandiko mkononi, na mafundi wakawa wakinitania kwamba mama wa bei amefika, watu wasisimame sana wasije wakabandikwa.

Kitisuru niliiacha mwisho. Ilikuwa nyumba ya tajiri mmoja, ndani kabisa kwenye miti, kule ambako ukisimama barabarani huoni nyumba, unaona ua na kamera. Sisi tulikuwa tukimjengea ukuta mrefu wa mawe kuzunguka kiwanja na nyumba ndogo ya wageni. Nilichagua Jumamosi alasiri, wafanyakazi wakiwa wameshaondoka, kwa sababu nilikuwa nimechoka na utani na nimechoka na watu wanaobeba sepetu ninayoihesabu. Nilitaka kuhesabu kwa amani. Soja wa geti akanifungulia stoo ya mabati, akarudi kwenye kibanda chake, nami nikakaa humo saa mbili unusu, jasho linanitoka chini ya buibui, nikihesabu.

Chini ya meza ya stoo palikuwa na gunia. Ndani yake miko miwili ya kujengea, mkubwa na mdogo, nyundo tatu, patasi nne, pima maji, timazi, skwea na kamba ya kunyooshea mawe. Vilikuwa vimepanguswa vikapakwa mafuta, na nakumbuka nilifurahi kuona kwamba angalau kuna mtu mmoja Kitisuru anayejua kutunza mali ya kampuni. Nikavibandika vyote kumi na vitatu. Kwa kuwa mimi hupenda kuandika hali ya kila kifaa, niliandika pia kasoro: mpini umechanjwa mara tatu. Vyote vyenye mipini ya mbao vilikuwa vimechanjwa hivyo hivyo, mara tatu, karibu na mwisho. Nikashangaa kidogo, nikaendelea.

Orodha ikapitishwa, ikaingizwa kwenye mfumo wa kampuni. Meneja akaitia sahihi, ikachapishwa, nakala moja ikapelekwa kwa soja wa kila geti pamoja na amri mpya: kitu chochote kilichomo kwenye orodha hakitoki mradi bila karatasi kutoka Upper Hill. Wiki kadhaa zikapita na mambo yakawa shwari. Wilbaro zikaacha kutembea, nami nikaanza kutembea kifua mbele.

Ndipo Alhamisi moja, kwenye saa kumi, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua.

“Madam, habari ya leo. Ni fundi ya mawe, wa Kitisuru. Mimi nimemaliza kazi leo, naenda nyumbani, lakini hapa geti wananiambia mwiko yangu ni ya kampuni. Sticker niliziona, nikadhani ni za kuhesabu tu.”

Nilimjua kwa sura. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mtu wa upande wa Kakamega, mwembamba, na sweta lake la kijivu halikumtoka mwilini kukiwa na jua au mvua. Yeye ndiye aliyeujenga ukuta ule mrefu. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wakisimamisha magari kuutazama, na mwenye nyumba alikuwa ameshapiga nao picha. Nilicheka kwanza, nikidhani soja ana mzaha. Nikamwambia ampe simu soja.

Soja alikuwa mama mmoja mnene wa makamo, asiyetabasamu kazini. “Madam, mimi nafuata karatasi,” akaniambia. “Karatasi inasema hizi vitu kumi na tatu ni zenu. Sticker iko. Namba iko. Nikiacha zitoke leo, kesho mimi ndio natoka.”

Nikafungua jedwali. Vilikuwepo, vyote, kwa maandishi yangu, na kasoro zake. Kila mtu Nairobi anajua, isipokuwa mimi niliyekuwa nimejifungia na jedwali, kwamba kampuni huleta mashine, ngazi, wilbaro na karai, na fundi huja na vifaa vyake vya mkono. Hivyo ndivyo anavyojulikana kuwa ni fundi. Gunia lake huliacha stoo kwa sababu ni zito na njia ya kwenda nyumbani Kawangware jioni si ya kutembea na chuma begani. Baba yangu alikuwa karani Mombasa, babu yangu alikuwa karani, na kwetu kifaa cha kazi kilikuwa kalamu ya ofisi. Lakini nilikuwa na mwaka mzima karibu wa kwenda na kurudi kwenye mijengo, na hilo lilitosha kunifundisha kama ningeuliza.

“Madam, uko?” fundi aliuliza. “Jumatatu asubuhi saa moja niko na kazi mahali ingine. Kuna shule inajengwa Dagoretti, ukuta yote ya mawe, kazi ya miezi tano. Foremani amesema nikuje na vifaa. Nikifika mkono mtupu watachukua mwingine. Hapo nje ya geti ya shule watu wa kutafuta kazi ni wengi.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamwambia wakubwa wameshatoka kwa leo, kesho asubuhi tutalimaliza, aache gunia kwa soja aende nyumbani apumzike, kesho arudi pale getini. Akasema asante, Mungu akubariki. Nikakata simu, nikakaa nikitazama skrini, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba kasoro nilizoandika zingeonekana na kila mtu.

Ijumaa nilifika ofisini mapema. Nilikuwa nimeshapanga: naingia kwenye mfumo, naviondoa vitu kumi na vitatu, natoa karatasi ya geti, basi. Jamani. Mfumo ule niliujua kwa kuingiza vitu. Sikuwahi kujaribu kutoa. Ukitaka kutoa kitu unaulizwa sababu, na sababu zilikuwa nne tu: kimeharibika, kimepotea, kimehamishiwa mradi mwingine, kimeuzwa. Hapakuwa na sababu ya tano, ya kusema hakikuwa chetu. Palikuwa na kisanduku chini kabisa, cha maelezo mengine, ambacho ukiandika chochote kinakwenda moja kwa moja kwa meneja na jina lako juu. Nilikipita kile kisanduku kama sikukiona.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba fundi mwenyewe alikuwa ameshatoka. Alhamisi ile ile, kazi yake ilipofungwa, jina lake lilikuwa limejiondoa lenyewe kutoka kundi la watu wa muda. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu alitoka bila kuulizwa sababu, na mwiko wake ulitaka fomu, picha na sahihi mbili. Nililaani aliyetengeneza mfumo ule, nikasahau kwamba makundi yake niliyatengeneza mimi.

Meneja alikuwa amekwenda kwa mteja. Nikamwandikia ujumbe mrefu. Nimeuhifadhi hadi leo, na nikiusoma nashika kichwa. Nilimweleza juu ya upungufu wa fomu ya kuondoa vifaa. Nilimweleza kwamba mfumo hauzingatii hali halisi ya miradi. Nilipendekeza kamati ndogo. Aya tatu nzima, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba niliingia stoo Jumamosi nikabandika mali ya mtu. Akajibu baada ya saa moja: “Noted. Tuongee Monday kwa meeting.” Nikasonya kwa nguvu hadi mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Nikamwambia mtu huyu hana habari na kinachoendelea chini, na mwenzangu akakubaliana nami, kwa sababu na yeye hakuwa na habari.

Basi nikaamua kuuzunguka mfumo. Nilichapisha fomu ya kimeharibika. Nilifikiri ni rahisi: natangaza vile vifaa ni chakavu, mtumiaji wa mwisho anatia sahihi kukubali, vinatupwa nje ya geti, na mwenye takataka zake anaziokota. Nilijiona mjanja. Baada ya chakula cha mchana nikakodi boda hadi Kitisuru, nikamkuta fundi ameketi juu ya jiwe nje ya geti, sweta lake mwilini, amekuja kama nilivyomwambia. Soja akatuletea gunia pale geti, kwa upande wa ndani, akasimama nalo katikati ya miguu yake.

Nikamweleza fundi. Nikampa kalamu. Akaisoma fomu kwa makini, midomo ikicheza.

“Hapa inasema hizi vitu zimeharibika.”

“Ni maneno tu, mzee. Ni ya kutolea vitu. Hakuna atakayeisoma.”

“Mimi nimesoma.”

Akamwomba soja mwiko mkubwa. Soja akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, akautoa. Fundi akaugeuza, akanionyesha mpini.

“Unaona hizi alama tatu? Mimi ndiye nimekata. Mzee alinifundisha kazi alikuwa anakata mbili, mimi nikakata tatu, ndio zisichanganyike. Fundi yeyote ya mawe hapa Nairobi akiona tatu anajua ni ya nani. Sasa wewe hapa umeandika...” akatafuta mstari kwa kidole, “umeandika mpini iko na kasoro.”

Nikakasirika. Nikamwambia kwamba sina siku nzima ya kuzungumzia alama. Nikamwambia nimetoka Upper Hill kwa ajili yake, kwenye vumbi, na kama anataka vifaa atie sahihi, na kama hataki vikae huko huko ndani.

“Madam, siwezi weka mkono hapo,” alisema, bila kupandisha sauti. “Hii mwiko nimejenga nayo kanisa mbili. Nikiandika ni takataka, na karatasi ibaki huko kwenu na jina yangu, siku nyingine mtu ataniuliza fundi wa takataka ni nani. Andika tu ni zangu. Si ni zangu?”

“Hakuna nafasi ya kuandika hivyo!” nikafoka. Sauti yangu ilisikika hadi upande wa pili wa barabara. “Mfumo hauna nafasi hiyo!”

Soja akauchukua mwiko mkononi mwake polepole, akaurudisha ndani ya gunia. Nadhani alitaka kunionea huruma na nafasi ya huruma hiyo haikuwepo kwenye karatasi yake. Nikapanda boda nikarudi, na njia nzima nilikuwa nikimlaumu yule mzee kwa kiburi. Mtu anapewa njia anaikataa! Nilimweleza mume wangu jioni, kwa hasira, nikitembea jikoni. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa nini nisiwaambie tu kazini kwamba vilihesabiwa kimakosa.

“Mkataba wangu unaisha mwezi ujao,” nikamwambia. “Unajua kazi yangu ni nini? Ni kuhesabu. Unataka niwaambie sijui kuhesabu?”

Nikaendelea kumlaumu mzee, na soja, na meneja, na aliyevumbua kompyuta.

Jumamosi fundi alinipigia mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia nalishughulikia. Mara ya pili sikupokea. Nilikuwa nikipanga kabati la nguo za watoto, za shule upande huu na za madrasa upande ule, na simu ikawa inaita juu ya rundo la fulana. Nilijaribu pia ile sababu ya kuhamishiwa mradi mwingine, lakini ilitaka mwenye stoo wa mradi wa pili apokee, na akishapokea vinakuwa vyetu zaidi kuliko mwanzo. Jumapili sikufanya lolote. Nilijiambia ofisi imefungwa.

Jumatatu saa moja, saa ile ile ambayo fundi alitakiwa awe Dagoretti, mimi nilikuwa nakunywa chai ofisini nikingojea mkutano. Saa mbili tukaingia chumba cha mikutano, foremani wa miradi yote minne, mhandisi na sisi wa ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kulileta suala la fomu. Nilikuwa na hoja zangu kwenye daftari. Meneja akawasha mashine ya kumulika ukutani, na kilichotokea ukutani ni orodha yangu ya Kitisuru.

“Watu waangalie hapa,” alisema. “Hii ndiyo nimekuwa nikisema mwaka mzima. Ona categories. Ona namba. Hata hali ya kila kitu imeandikwa. Mwiko mkubwa, mpini umechanjwa mara tatu.” Akageuka akanitazama kwa furaha ya kweli. “Nani mwingine hapa anajua mwiko wake umechanjwa mara ngapi? Hiyo ndiyo detail nataka kwa kila site.”

Watu wakapiga makofi. Foremani wa Kitisuru, aliyekuwa ameketi mbele yangu, hakupiga. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, na nikajua kwamba anajua. Yeye pia alikuwa na mdomo, angeweza kusema, lakini jina kwenye orodha halikuwa lake. Nilikuwa na daftari mkononi, na meneja akaniuliza kama nina la kuongeza.

“Hapana,” nikasema. “Asanteni.”

Nilitoka pale na makofi yakiniwasha mwilini kama upupu. Nikaenda msalani nikanawa uso. Nilikuwa nimekasirika, na hata hapo, wallahi, nilikuwa bado namkasirikia meneja kwa kunisifu.

Jumanne asubuhi walinipigia kutoka mapokezi, chini. Kuna mtu wangu. Niliposhuka nikamkuta fundi ameketi kwenye kiti cha ngozi, ukingoni kabisa, kama watu wakaavyo hospitali wakingojea kuitwa. Hakuwa na sweta. Alikuwa amevaa koti, shati jeupe na tai, na kadi ya mgeni ilikuwa imening’inia shingoni. Msichana wa mapokezi alikuwa amemwandika kwenye kitabu, na penye sababu ya kuja palikuwa pameandikwa vifaa.

Akasimama akanipa mkono. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za watoto, nikajibu zote nzuri. Nikamuuliza habari za Dagoretti.

“Nilienda,” alisema. “Niliazima mwiko moja kwa jirani, ya plasta, nikaenda nayo. Foremani akaangalia hiyo mwiko, akaniuliza timazi iko wapi, patasi iko wapi. Nikamwambia ziko njiani. Akaniambia nikae kando. Nilikaa mpaka saa tatu. Kisha akachukua mwingine.” Akairekebisha tai yake. “Namjua huyo alichukuliwa. Ni mimi nilimfundisha. Aliona haya, akaenda akasimama upande ile ingine.”

Nikamwambia pole. Neno lenyewe lilitoka dogo sana.

“Hiyo imeenda,” alisema. “Sasa nimekuja kwa sababu nimefikiria, labda kwa simu sisikiki vizuri. Nikija mwenyewe labda nitasaidika. Bila hizo vitu siwezi itwa mahali popote. Sitaki kukusumbua. Nani ndiye naweza ongea na yeye?”

Alikuwa hajapandisha sauti tangu Alhamisi. Nilimtazama akiwa na tai yake, amefunga fundo kubwa la watu wasiofunga tai kila siku, ameamka Kawangware akavaa nguo za kanisani Jumanne ili aje kuomba kitu chake mwenyewe. Haya ilinishika hata nikashindwa kumtazama machoni. Nilikuwa na majibu tayari, ninayo siku zote, na yote yalikuwa na neno mfumo ndani yake. Nikamwomba aketi. Nikaketi kiti cha pembeni yake, pale pale, nikatoa simu nikamwandikia meneja:

“Vifaa kumi na vitatu kwenye orodha ya Kitisuru si vyetu. Ni vya fundi wa mawe. Nilivihesabu bila kumuuliza mtu. Kosa ni langu. Naomba vitoke leo.”

Nikausoma mara moja. Nikautuma kabla sijapata hoja ya kutoutuma.

Nilidhani ataniita juu. Nilishaanza kupanga nitakavyojitetea, jinsi ya kuanza na ya kumalizia. Sikuwa nimefika sentensi ya pili simu ikalia mkononi mwangu. Meneja alikuwa ameandika: “Ah, sawa. Vitoke. Nawapigia geti sasa hivi.” Halafu akatuma picha ya kidole gumba. Hakuuliza lolote, na neno kosa hakuligusa.

Nikampa fundi simu. Akatoa miwani mfuko wa koti, akausoma ujumbe wangu na jibu, akauteremsha kwa kidole, akaupandisha, akausoma tena. Nikawa namngojea anitukane. Ningefarijika.

“Ni hii tu?” aliuliza.

“Ni hii tu.”

“Haikuwa fomu?”

“Haikuwa fomu.”

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, taratibu, akavua miwani akaikunja. Msichana wa mapokezi alikuwa amejifanya anaandika. Fundi akafikiri, na nikaona usoni mwake kwamba anatafuta mahali pa kuniweka pasiponiumiza.

“Labda Alhamisi mkubwa hakuwako,” alisema. “Ulisema walikuwa wametoka.”

Nikamwambia alikuwako, tangu asubuhi hadi saa kumi na moja, chumba cha pili kutoka changu.